Mstari kwenye Mkono wa Skolastika

Jumatatu, 6 Mei

Vipimo vya asubuhi. Kifundo cha mkono wa kushoto, sentimita kumi na tisa. Chini ya kiwiko, ishirini na tisa na nusu. Juu ya kiwiko, thelathini na sita. Wa kulia, ulio mzima, hauna habari. Joto 36.6. Amekunywa uji nusu kikombe, ukarudi, akanywa tena.

Nikamuuliza Skolastika kama mkono unauma. Hauumi. Kila siku hauumi. Tangu walipomtoa titi mwaka jana na kuondoa tezi za kwapani, maji ya mkono hayana pa kupitia, umevimba kama wa mtu mwingine, na bado hauumi.

Dozi ya nne ya kemo alipata Dar tarehe 30. Ya tano ni tarehe 21. Nesi wa kule alinieleza mara mbili, nikaandika: wiki ya pili baada ya dawa ndiyo ya hatari, chembe nyeupe za damu zinapungua, mwili unabaki hauna mlinzi. Mkono ule usikatwe, usichomwe sindano, usiungue. Kila jeraha ni mlango.

Anauegemeza kwenye kiegemeo nilichomtengenezea baada ya Pasaka. Mninga mtupu. Sikupaka vanishi kwa sababu harufu inamtapisha. Wateja wakifika hapa Bigwa kufuata makabati yao wanakiona barazani, wanakisifu kuliko makabati.

Mchana Damiani alipiga simu. Ndiye kaka mkubwa wa Skolastika. Jina la Bibi Semeni linarithishwa Jumamosi, kijijini kwao, milimani. Bibi Semeni alikuwa mama yao mdogo na mwanamke mkubwa wa ukoo, alifariki mwaka jana. Kwao jina la mkubwa haliendi kaburini. Hutafutwa mwanamke wa ukoo, hulivaa, na tangu siku hiyo yeye ndiye Semeni. Wamemchagua mke wangu.

Nikasema hapana, yuko kwenye dawa. Damiani akasema hakuwa anauliza.

Jumanne, 7 Mei

Tumegombana tangu chai hadi adhuhuri. Yaani mimi nimegombana. Yeye alikuwa anachambua mchicha.

Nimemwambia habari za barabara, matope, baridi ya juu, watu mia wakikohoa kwenye nyumba moja. Nimemwambia Damiani anajali jina kuliko dada yake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nikifa sijarithi, watahangaika kutafuta mtu. Nikirithi nikafa, linarithiwa tu."

Mtu anasemaje hivyo akiwa na mchicha mkononi? Nikaenda karakanani nikapasua ubao ambao haukuwa na haja ya kupasuliwa.

Waluguru ukoo wao ni wa mama. Wanangu ni wa kwao, shamba ni la kwao, na mimi niliyetoka Mahenge na randa moja kwenye mfuko, baada ya miaka thelathini na moja ya ndoa, bado ni yule fundi aliyemwoa Skola. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yangu imeota mizizi.

Jumatano, 8 Mei

Wekundu. Ndani ya mkono wa kushoto, katikati ya kiwiko na kiganja. Ukubwa wa sarafu. Amesema mbu. Nimeugusa, una moto. Joto 37.4.

Mbu gani huyo.

Tumekwenda kwenye zahanati ya jirani. Alitaka tukae foleni kama watu wote. Nikaingia bila foleni, nikatukanwa, nikatukana. Daktari kijana, mpole, hakukasirika. Aliubonyeza mkono akauliza kama kuna kitu kilimchoma. Skolastika akasema hakumbuki. Akauliza tena, mwiba, sindano, kucha? Hakuna.

Akachukua kalamu ya wino, akazungushia wekundu wote mstari, akaandika na saa pembeni yake. Akaeleza kwamba bakteria wameingia chini ya ngozi. Kwa mtu mwingine ni vidonge na basi. Kwa mtu wa kemo vidonge ni vya kujaribu tu. Wekundu ukivuka mstari hata kidogo, au joto likifika 38, hospitali kubwa siku ileile, bila kusubiri asubuhi. Nikamwambia ayarudie mbele ya mgonjwa. Akarudia. Mgonjwa akaitikia kwa adabu zote, "Nimeelewa, daktari."

Nilimpenda yule kijana. Ni mtu wa kwanza mwaka huu kunipa kitu ninachoweza kukisoma. Mstari ni mstari. Umevukwa au haujavukwa.

Alhamisi, 9 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi: haujavukwa. Joto 36.4.
Saa sita: haujavukwa. 36.5.
Saa kumi: umegusa, upande wa kiganja. Nadhani umegusa. Nilileta tochi. Skolastika akasema mkono si mlango wa kabati, niache kuuchungulia. Joto 36.4.

Joto limeshuka. Vidonge vinafanya kazi. Nimejisikia mwepesi mpaka nikamaliza meza mbili za watu.

Damiani anakuja kesho na kirikuu ya jirani yake, kigari kidogo cha mizigo. Nimesema nitakwenda na mimi. Akasema karibu sana, shemeji, kwa ile sauti ya kumkaribisha mtu mvua ikinyesha.

Beata amepiga kutoka Dar. Anauliza kama mama yake anaweza kupanda mlima. Nikamjibu binti yangu kwamba mimi siulizwi.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi, kabla ya kuondoka: joto 36.5. Mstari umeguswa sehemu mbili, haujavukwa. Hivyo ndivyo nilivyoandika, na hivyo ndivyo nilivyotaka kuona.

Mvua imekata barabara vipande. Mara tatu tumeshuka tukasukuma. Skolastika alikaa mbele, mkono juu ya mto, kitenge mpaka kidevuni. Nikamuuliza kama anahisi baridi. Akasema kidogo, ni mlima. Kila mtu anahisi baridi mlimani. Nilikubali jibu lile kwa sababu lilikuwa rahisi.

Tumefika saa nane. Wanawake walikuwa wamejipanga njiani. Wakampokea kwa vigelegele na kumwingiza kwenye nyumba ya marehemu, wakafunga mlango. Nikabaki na begi la dawa mkononi.

Nikaomba niingie nimpe vidonge vya saa kumi. Haiwezekani, nyumba ile ni ya wanawake mpaka Jumapili. Nikampa mke wa Damiani vidonge, nikamwonyesha kipimajoto, nikamwambia apime kila baada ya saa sita aniletee namba. Akacheka vizuri tu. Jioni akaniletea namba: "Yuko salama."

Hiyo si namba.

Nimelala kwenye nyumba ya wanaume. Wazee wamezungumza Kiluguru cha haraka, nusu yake nimeikamata. Mmoja aliuliza kama huyu fundi hana kazi mjini.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika kwenye benchi la hospitali, mjini. Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo nitamtukana mtu.

Alfajiri wazee wa kike walimwogesha. Ndivyo inavyofanyika, anayerithi jina huogeshwa maji ya majani, husuguliwa kwa dodoki, huvishwa kaniki. Walipofika kwenye mkono wakauona mstari wa wino na ile saa iliyoandikwa pembeni. Wakashtuka. Bibi mmoja akauliza ni mganga gani aliyemchora, maana mtu mwenye dawa ya mganga mwilini hawezi kupokea jina. Skolastika akawaambia ni daktari. Bibi akasema madaktari huandika kwenye karatasi. Wakasugua mpaka mstari ukatoka wote.

Haya nimeyajua baadaye, kwa mke wa Damiani, ambaye aliniambia kama habari njema. Kwamba walihofu ni mimi niliyempeleka kwa mganga, lakini yamekwisha, amesafika.

Miaka yote wananiona sina imani na mambo yao. Leo nimekuwa mchawi kwa kalamu ya wino.

Saa nne wakamtoa nje. Kaniki mpya, paji la uso limepakwa unga. Wakamkalisha kwenye mkeka, wakalitaja jina. Halafu ikaja sehemu nisiyoitarajia. Damiani, mwenye umri wa miaka sitini na tisa, akapiga goti mbele ya mdogo wake akasema, "Shikamoo, mama." Baada yake wote wakafuata, wazee wenye mvi kuliko mimi. Kwao haikuwa mchezo. Semeni alikuwa mama yao, na Semeni alikuwa amekaa pale.

Skolastika aliitikia kila mmoja. Marahaba. Marahaba. Alikuwa na uso ambao sijauona tangu alipougua. Nitalisema hapa kwa sababu hakuna anayesoma: alikuwa mzuri, na nilimwonea wivu ule mkeka.

Nilikuwa mtu wa mwisho mstarini. Nikashika mkono wake wa kulia. Ulikuwa unatetemeka, na ulikuwa wa moto.

Nikafunua kaniki upande wa kushoto mbele za watu wote. Hakukuwa na mstari, lakini sikuuhitaji tena. Wekundu ulikuwa umepanda hadi juu ya kiwiko, ngozi inang'aa. Watu wakaguna, kwa sababu nilimfunua kabla shughuli haijaisha. Nikatoa mfukoni kipimajoto changu cha akiba. 39.3.

Nikasema tunashuka sasa hivi. Damiani akasema hapana, aliyerithi jina hulala usiku wa kwanza kwenye nyumba ya jina, asubuhi ndiyo anatoka, tutashuka na jua. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Akaniambia, polepole, mbele ya ukoo, kwamba mume ni mtu wa kuheshimiwa, ila hapa si kwake. Vijana wawili wakasimama karibu yangu. Nina miaka sitini na mbili na nilikuwa tayari kupigana.

Skolastika akainua mkono wa kulia. Wakanyamaza. Mimi pia.

"Semeni ni mimi," alisema. "Nateremka. Damiani, leta gari."

Damiani akatazama chini. Kisha akaenda kuleta gari. Shemeji yangu wa kugombana naye miaka thelathini na moja, akatii kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Njiani kurudi, Damiani akiendesha, Skolastika katikati yetu, ndipo alipotoboa siri. Tangu Jumatano alikuwa anakunywa panadol. Mbili mbili, kabla sijaja na kipimajoto. Alijua saa zangu. Mchana wa Alhamisi nilipofurahi na kumaliza meza mbili za watu, nilikuwa nimepimiwa uongo.

Alitaka afike Jumamosi, ndivyo alivyosema. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Sijui kwa nini methali zote huja mtu akiwa na hasira. Akafumba macho.

Tumefika kabla ya giza. Wamempokea haraka. Wametoa damu mkono wa kulia, wameweka dripu mkono wa kulia. Sikuhitaji kumfokea mtu yeyote, na hilo pia limenikasirisha.

Jumapili, 12 Mei

Chembe nyeupe ziko chini kabisa. Daktari wa wodi, mama wa makamo asiyepoteza maneno, amenieleza kwa ufupi. Maambukizi yamo kwenye ngozi na kwenye nyama chini yake. Mwili hauna askari wa kupigana, ndiyo maana hata usaha ni mdogo. Usaha hutengenezwa na askari. Dawa za mshipa, mbili kwa pamoja. Yakiingia kwenye damu, hatanidanganya, wengi hawarudi.

Saa tano wamemfungua kidogo pale wekundu ulipoanzia, kwa sababu palikuwa pagumu. Nesi akatoka na kitu kwenye kisahani. Akaniuliza kama mgonjwa analima, kwa sababu wamekuta kibanzi.

Urefu wa punje ya mchele. Nilikichukua kwa koleo nikakipeleka dirishani. Nyuzi zake, rangi yake ya damu iliyokauka. Nimeipasua mbao hiyo tangu nina miaka kumi na sita.

Mninga.

Nilipofika nyumbani kufuata nguo, nilikipindua kile kiegemeo. Juu na pembeni nilipiga msasa mara tatu, mpaka unaweza kulaza kitoto juu yake. Upande wa chini sikupiga. Upande wa chini hauonekani. Kila fundi anajua hivyo. Ndani ya droo, nyuma ya kabati, chini ya meza, huachwa na meno ya msumeno. Ila Skolastika akiinuka hupitisha mkono kwa chini na kujishika hapo. Kwa mkono ule usiosikia vizuri.

Na vanishi ingeyafunika yale meno.

Wiki nzima nimetafuta boriti kwenye macho ya wakwe.

Jumatatu, 13 Mei

Shinikizo la damu limeshuka usiku. 80 kwa 45. Wameongeza maji. Anaweweseka, anaita watu nisiowajua.

Beata amefika na basi la kwanza. Ametoka stendi ya Msamvu moja kwa moja hadi wodini na begi lake. Ameuliza imekuwaje. Nimesema bakteria. Sikusema zaidi. Mimi nami ni mwongo, inaonekana tumeoana vizuri.

Jumanne, 14 Mei

39.6. 39.1. 39.4.

Daktari amebadilisha dawa moja.

Damiani hakurudi milimani. Amelala kwenye kirikuu nje ya geti siku tatu. Asubuhi huleta uji wa mchele kwenye chupa ya chai, husimama mlangoni mwa wodi, husema "Shikamoo, mama" kwa mtu asiyemsikia, hunipa chupa, hutoka. Leo nilimwambia angalau akale. Akasema ameshakula. Alikuwa hajala.

Nilitaka kumwambia habari za kibanzi. Nilifungua kinywa. Nikamuuliza bei ya mahindi kule juu.

Jumatano, 15 Mei

Nimemwambia.

Tulikuwa tumekaa kwenye ukingo wa mfereji, nje. Nilimweleza lote, msasa, upande wa chini, mninga. Nilisubiri anigeuzie kibao mbele ya hospitali nzima. Haki yake. Nilimpigia kelele mbele ya ukoo wake kwamba wanamuua dada yake.

Akasema wao walimsugua kwa dodoki mkono uliokuwa na moto, na yeye ndiye aliyekataza gari. Hatukupeana pole. Alinimegea nusu ya andazi lake. Nimechukia jinsi nilivyolia na andazi mdomoni.

Joto la jioni 38.5.

Alhamisi, 16 Mei

37.9 asubuhi. 38.1 mchana. Nimepima mwenyewe, baada ya nesi kupima. Nesi ameniangalia tu.

Skolastika amefumbua macho, amemtambua Beata, ametaka maji. Wekundu umeshuka chini ya kiwiko. Walikuwa wamechora mstari mwingine Jumamosi usiku, na sasa kuna vidole viwili vya ngozi ya kawaida kati ya wekundu na wino. Ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Nesi amesema ndivyo inavyopona.

Jumamosi, 18 Mei

37.0. Bila panadol. Nimeuliza mara mbili kama ni bila panadol. Nesi amenionyesha karatasi.

Beata amekwenda nyumbani kupumzika. Tukabaki wawili. Nilikuwa nimejiandaa kumwuliza kwa upole habari za kibanzi. Upole wangu una makali, nimeambiwa.

Alijua. Ijumaa ile kabla ya wekundu, tarehe tatu, alihisi kitu kikimkwaruza akiinuka. Alikiona kibanzi, akakivuta kwa meno, kipande kikabaki. Akakaa kimya. Nikamuuliza kwa nini, na daktari wa zahanati alimuuliza waziwazi, mara mbili, nikiwa nimekaa palepale.

"Ulikuwa umekaa palepale," akasema.

Nikasema hilo si jibu.

Akasema ninavyokipenda kile kiti cha mkono. Akasema nilivyokuwa nawaonyesha wateja. Kisha akanyamaza, nikadhani amechoka, kumbe alikuwa anatafuta lililo chini. "Nikikwambia panauma, unachukua futi. Unapima, unatengeneza, unakwenda kugombana na mtu. Mimi nabaki na maumivu yangu na nakuwa na kazi ya kukutuliza wewe. Bora niseme hapaumi."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na hoja nzuri tatu. Mtu asipopima atajuaje? Nani angeona wekundu? Nani aliona?

Sikuzisema. Si kwa busara. Nilimmiminia maji, akanywa.

Jumatatu, 20 Mei

Kesho ilikuwa siku ya dozi ya tano. Nimepiga simu Dar. Wamesema haiwezekani. Chembe zipande kwanza, kidonda kifunge, dawa za kuua bakteria ziishe. Wiki tatu, labda nne. Nikauliza na saratani itasubiri wiki nne? Mtu wa upande wa pili akasema baba, tunafanya tunavyoweza.

Nimekasirika mpaka mchana. Sina wa kumkasirikia. Nimehesabu watu wote, wa milimani na wa mjini, na kila nikifika mwisho wa hesabu nakuta upande wa chini wa ubao.

Kibanzi cha ukubwa wa punje ya mchele kimekula mwezi mzima wa tiba ya mke wangu. Hakuna anayejua mwezi huo una thamani gani. Daktari mwenyewe hajui. Nimemuuliza.

Ijumaa, 24 Mei

Ameruhusiwa. Vidonge vya siku kumi. Kidonda kinafungwa kila siku zahanati. Damiani ametuleta mpaka mlangoni, hakuzima gari, alikuwa na nyanya za watu za kupeleka sokoni. Alimsalimia mama yake mpya. Mimi akanipungia mkono. Tumeendelea kuwa mashemeji.

Anakula kidogo. Kitenge cha zamani kinamzunguka mara mbili.

Jumapili, 2 Juni

Mvua imekwisha. Milima imeonekana yote asubuhi, mpaka vijia vya juu. Beata amerudi Dar jana. Sikwenda misani, Skolastika hakutaka kubaki peke yake, na hakutaka kusema kwamba hataki, ila safari hii nilimsubiri mpaka akasema.

Nilileta chai barazani. Nikamuuliza mkono vipi. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka kwenda kuchukua sukari, kwa sababu jibu nalijua.

"Unauma," akasema.

Nikakaa.

Akasema unauma tangu kwapani hadi vidole, usiku zaidi. Akasema anaogopa dozi ya tano, na anaogopa kuikosa. Akasema tangu mwaka jana hajalala usiku mmoja mzima. Alizungumza muda mrefu kuliko ninavyokumbuka, akitazama barabarani, bila kulia. Mara mbili nilikuwa na la kusema, jambo la kufanya, mtu wa kupigia simu. Mikono niliikalia.

Alipomaliza nikasema nimesikia. Akaitikia kwa kichwa. Chai ilikuwa imepoa, tukainywa hivyohivyo.